Mzee kaja mjini, kanyamaza, kutwa yuko kwenye kochi: namna ya kumrudisha kwenye mwendo

Hii nawaandikia nyie mnaoishi na mzazi, bibi, babu au mkwe mliyemleta mjini, iwe Dar, Mwanza, Arusha, popote, na saivi mnaona mtu siyo yule. Huko kijijini alikuwa anaamka saa kumi na moja, anafagia uwanja, anafungulia kuku, anaenda shamba hata kama ni kung'oa majani mawili tu, jioni anapita kwa jirani. Mkamhurumia, mkasema mama kachoka huyu, aje apumzike. Kafika kapewa chumba kizuri na tivii, geti linafungwa, dada wa kazi anafanya kila kitu, yaani hata kikombe alichonywea chai ananyang'anywa kabla hajainuka. Miezi inapita unakuta halali, hali, haongei, na akiongea ni miguu na mgongo, mnamzungusha hospitali kila kipimo safi. Kazi yangu ni kuwafanyisha wazee mazoezi ya viungo majumbani na nyumba nyingi ninazoingia hadithi ni hiyohiyo. Mara nyingi ni sonona, dipresheni, na kinachoilisha kwa sehemu kubwa ni hilo pumziko mlilompa kwa upendo.

Ninachosema hapa ni kimoja tu: usingoje mzee apate hamu ndo atoke. Kwa mtu mwenye sonona hamu haitangulii, inakuja nyuma ya mwendo, tena inachelewa. Kwahiyo kazi yako siyo kumbembeleza ajisikie vizuri, kazi yako ni kumpa sababu ya kuinuka kwenye kiti leo, na kesho tena, na sababu yenyewe iwe ya kweli, siyo ya kumzuga.

Na hili sijalitoa kichwani. Pale Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichukua watu 156, wote miaka 50 kwenda juu, wote wana sonona ya kupimwa kabisa, wakawagawa mafungu matatu, wa mazoezi, wa dawa ya sonona iitwayo setralini, na wa vyote viwili. Matokeo ya kwanza yakatoka 1999. Wa dawa walianza kupata nafuu mapema zaidi, hilo lazima lisemwe, ila wiki ya 16 ilipofika mafungu yote yalikuwa yanalingana, na walipofuatiliwa miezi mingine sita, kati ya waliokuwa wamepona, wa mazoezi ndo waliorudiwa na ugonjwa wachache zaidi. Na mazoezi yenyewe wala hayakuwa ya ajabu: mara tatu kwa wiki, dakika 30 za kutembea haraka au kukimbia polepole, ukiweka kupasha mwili mwanzoni na kupoa mwishoni inafika 45. Lakini angalia, walikuwa wanafanya pamoja na kuna mtu anawasimamia. Hawakuambiwa "mzee uwe unafanya mazoezi eeh" halafu wakaachwa sebuleni na rimoti.

Sasa kabla ya yote jiridhishe ni nini hasa. Wazee wetu hawakwambii nina huzuni. Wanakwambia kichwa kinawaka moto, mwili hauna nguvu, tumbo limejaa, moyo unaenda mbio, usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi. Baba aliyekuwa mpole anakuwa mkali kwa wajukuu. Mama aliyependa redio anaizima. Anasahausahau mpaka mnasema ni uzee, kumbe. Mambo kama haya yakikaa wiki mbili na zaidi, karibu kila siku, mpelekeni akaonwe, na mkifika msiseme tu ana maumivu, semeni wazi: hana hamu, halali, hali, amejitenga. Daktari ana foleni mpaka nje, ukimwambia magoti atakuandikia diklofenaki ya maumivu mtarudi nyumbani. Ombeni waangalie wingi wa damu, sukari, presha, na ikiwezekana thairoidi, ile tezi ya shingoni, maana upungufu wa damu au thairoidi inayofanya kazi kidogo vinaweza kumfanya mtu awe mzitomzito hivohivo. Dawa zote anazokunywa zibebeni kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile za kuokoteza duka la dawa. Macho yaangaliwe pia, mtoto wa jicho anamfungia mtu ndani kuliko hata geti, na masikio. Hospitali nyingi za serikali hapa Tanzania zina dirisha la wazee, na mwenye miaka 60 kwenda juu asiye na uwezo ana haki ya msamaha wa matibabu, ulizeni kwa afisa ustawi wa jamii, msione aibu.

Kuna hali moja ambayo usiifanyie majaribio ya mazoezi. Wazee wengi husema "Mungu anichukue tu nipumzike" na tumezoea kucheka na kupita. Usipite. Kaa naye mkiwa wawili, muulize taratibu, "mama, umewahi kuwaza kujidhuru?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, wengi wanashusha pumzi kwamba hatimaye kuna mtu kauliza. Akisema ndiyo, au ukigundua anakusanya vidonge, anagawa vitu vyake, amegoma kula na kunywa, au anasikia sauti zinamlaumu, hiyo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake hata dakika, na sumu ya panya na dawa za wadudu zitoke ndani ya nyumba. Kutembea kutakuja baadaye. Na kama tayari ana dawa za sonona usimwachishe eti kwa vile umesoma hapa kwamba mwendo unasaidia, vinaenda pamoja.

Haya. Hatua ya kwanza haina zoezi hata moja: mrudishieni kazi. Kaeni wote, na dada wa kazi awepo, mwambiane kwamba humu ndani kuna vitu viwili vitatu ni vya mama na mtu mwingine asiviguse. Chagueni vyenye kuinuka na kutembea, siyo kuchambua mchele tu maana huo anachambua kakaa. Kumwagilia mchicha uliopandwa kwenye viroba, kulisha kuku kama mna kuku, kufagia kibaraza, kuanua nguo, kwenda kumfungulia geti mjukuu akirudi shule, kumpelekea mlinzi chai. Kama ni baba, mwachieni kwenda kununua mkaa, au kushika hela ya mboga na kwenda mwenyewe genge, abishane na muuza nyanya, hiyo ni dozi. Kiwe kitu ambacho kikiachwa kinaonekana kimeachwa. Mchicha usipomwagiliwa unanyauka, basi hapo mtu ana sababu ya kuinuka.

Ukimpa kazi ya kuzuga halafu dada anairudia kwa siri, anaona, wazee siyo wajinga. Kuna nyumba moja bibi alipewa ufagio baada ya mimi kuongea sana na familia, akafagia nusu ya uwanja, taratibu, anasimama anashika kiuno anaendelea, mistari ya ufagio imekaa vizuri kabisa kwenye mchanga. Mkwe wake kaja nyuma na chelewa nyingine anafagia palepale huku anacheka, "bibi umeacha majani." Bibi hakusema neno, kauegemeza ufagio ukutani kaingia ndani, na ilikuwa kazi upya kumtoa. Kwahiyo akifagia vibaya acheni pawe vibaya. Chai ikipoa kabla haijamfikia mlinzi, mlinzi atakunywa ya baridi. Na majirani watasema, hilo mjiandae, watasema mmemleta mama yenu awe hausigeli, we waitikie "ndio" uendelee na mambo yako.

Kumtoa nje ya geti ndo kugumu zaidi. Usimwambie twende mazoezi, kwa wazee wengi mazoezi ni ya vijana na wanajeshi, na ukimwambia daktari kasema atakuuliza daktari gani, yule mtoto? Mwombe msaada. Mzazi hata akiwa chini namna gani anaona uzito kumnyima mwanae kitu kidogo.

"Mama, nisindikize hapo gengeni."

"Miguu inaniuma mwanangu, nenda na dada."

"Dada anapika. Twende mpaka hapo kwa Mangi tu, ukichoka tunarudi."

"Nimevaa hivi?"

"Jitande kanga, nani anakuangalia saa hizi."

Akishauliza habari ya nguo umeshampata. Akikataa leo sawa, usigombane, usimpigie hotuba, kesho saa ileile unaomba tena kana kwamba jana haikuwepo. Mjukuu anakuzidi kwa hili, bibi anayekukatalia wewe na suti yako akishikwa mkono na kitoto cha miaka sita anatoka. Na kama ni mkweo, kuna heshima zake, pengine we huwezi hata kumshika mkono, basi mwachie mwanae au wajukuu hiyo sehemu, we panga saa na njia.

Saa iwe ileile kila siku, na ifungwe kwenye kitu ambacho tayari kipo: baada ya swala ya alfajiri, baada ya chai, baada ya mtoto kupanda basi la shule. Asubuhi ni nzuri kwa sababu jua bado dogo na mwanga wa mapema unasaidia usingizi wa usiku, huku pwani kuanzia Desemba mpaka Machi ikishafika saa tatu ni moto mtupu. Ila sonona nayo huwa inabana sana asubuhi, kuna wazee ukiwagusa kabla ya saa nne umeharibu siku, hao wapeleke jioni saa kumi na moja. Siku za mwanzo dakika tano zinatosha, hata mpaka kona na kurudi, na mmalize akiwa bado na nguvu, usimtembeze mpaka aombe poo, maana kinachobaki kichwani ni alivyomaliza. Kila wiki ongezeni dakika mbili tatu. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linataka wenye miaka 65 kwenda juu wafike dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, wakaze misuli angalau siku mbili, na siku tatu wafanye ya kuweka mwili sawa wasianguke. Hiyo ni ya kufikia siyo ya kuanzia, na haohao wanasema kidogo ni bora kuliko kukaa bure. Mwendo wa wastani utaujua hivi, anaweza kukusimulia habari ya shamba lake sentensi nzima bila kukatika, lakini ukimwambia aimbe pumzi haitoshi. Kama anaweza kuimba ongezeni kidogo, kama hata jina lako linamtoka vipandevipande punguzeni.

La ndani, ukiniambia nichague zoezi moja tu nitachagua kuinuka na kukaa kwenye kiti, na hapa nitakaa kidogo maana watu wanalifanya ovyo. Kiti kwanza. Vile vya plastiki juu ya vigae vinateleza na miguu inaachana, mzee anaenda chini na hofu anayoipata hapo itakaa miezi. Chukua kiti cha mbao cha kulia chakula, kiegemeze ukutani mgongo wake. Kochi ni chini mno, hata kijana analitokea kwa shida. Malapa yatoke, avae viatu vinavyoshika kisigino au awe peku kama sakafu kavu, na kanga ipandishwe isiburuze. Asogee mbele, makalio yashike nusu ya kiti. Miguu iachane upana wa mabega, halafu visigino virudi nyuma kidogo ya magoti, hapa ndo penyewe, wengi mnaosema mama hawezi kuinuka ukiangalia miguu yake ameinyoosha mbele, hata mimi singeinuka. Ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, asukume sakafu, atoe pumzi wakati anapanda, asiibane. Asimame wima kabisa, macho mbele siyo chini, ahesabu moja mbili, halafu akae polepole, asijiachie puu. Akishindwa bila mikono ashike mikono ya kiti, akishindwa hata hivo weka mto mgumu kiti kiwe juu. Wewe simama ubavuni, usimvute mikono wala kumnyanyua kwapani, utamuumiza bega na utamfundisha kwamba bila wewe haiwezekani. Mara tano, apumzike, mara tano tena, na akifika kumi bila mikono toa mto.

Mnaweza kujiuliza hilo linahusiana nini na huzuni. Lenyewe halimchangamshi mtu, ni kazi tu. Lakini mzee anayehitaji kumwita mtoto wake usiku amnyanyue aende chooni anabeba aibu ambayo hakwambii, ndo maana wengine wanaacha hata kunywa maji kuanzia jioni. Siku anayoenda na kurudi mwenyewe asubuhi yake utamsikia sauti imebadilika.

Mengine ni mafupi. Ashike nondo za dirisha au sinki, anyanyuke kwa vidole vya miguu na kushuka, mara kumi. Ashike hapohapo asimame mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kinagusa vidole, sekunde kumi halafu abadilishe. Chupa ya maji ya nusu lita kila mkono anyanyue mpaka mabegani. Na muziki, jamani, huo msiusahau, ila uwe wake siyo wenu. Mtu mwenye miaka sabini na kitu saivi ujana wake ulikuwa wa dansi, enzi za Msondo na Sikinde, au taarabu kama ni wa pwani, au ngoma ya kwao. Nimeona baba aliyegoma kila kitu nilichomletea, ikapigwa gita ya zamani kwenye simu ya mjukuu, vidole vya mguu vikaanza vyenyewe chini ya kiti.

Alafu sehemu ambayo kwa maoni yangu ina uzito kuliko hata hizo dakika ni aende kwa nani. Kuzunguka ndani ya ukuta kunasaidia mwili, kutembea kwenda kwa mtu kunamrudisha mtu. Kijiwe cha kahawa au cha bao kikiwa mtaa wa pili, hiyo ndo njia yenu ya mazoezi, baba anatembea anakaa anabishana mpira anarudi, wala hajui kama kafanya mazoezi. Jumuiya ndogondogo, kikundi cha akina mama, vikoba, swala ya msikitini badala ya nyumbani. Jogging klabu za mtaani ziko nyingi Dar, na Zanzibar wana siku yao ya mazoezi kila Januari mosi watu wanajaa barabarani, lakini mzee mwenye sonona usimpeleke kule kwenye kelele wiki ya kwanza, pengine baadaye akawaone. Na kuna jambo familia nyingi hazilifikirii, lugha. Bibi katoka Tukuyu kaongea Kinyakyusa maisha yake yote, Kiswahili chake ni cha kusalimia na cha sokoni, wajukuu hawajui Kinyakyusa hata neno, sasa unategemea aongee na nani? Mtafute mama wa kwao, hata kama ni muuza mboga mtaa wa nne. Mimi nikipata mtu wa kwao mtaani huwa najua nusu ya kazi imekwisha.

Vikwazo vipo. Magoti ni la kwanza. Magoti yaliyosagika hayaharibiwi na kutembea kwa kiasi, yanaharibika zaidi kwa kukaa maana misuli inayoyashikilia inalegea. Maumivu kidogo wakati wa mwendo yanavumilika ikiwa kesho yake asubuhi yamerudi yalivyokuwa, yakizidi au goti likivimba punguzeni nusu, msiache kabisa. Fimbo siyo aibu, ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima, siyo unaouma, watu wengi wanaikosea hii.

Kizunguzungu akisimama ni kitu cha kupima siyo cha kubahatisha. Dawa za presha zinafanya hivo, na baadhi ya dawa za sonona pia, hasa amitriptilini ambayo kwetu inaandikwa sana, inakausha mdomo, inafunga choo na inayumbisha. Mpimeni presha amelala, kisha akisimama dakika moja na dakika tatu, ile namba ya juu ikishuka 20 au zaidi mwambieni daktari kabla ya kumtembeza. Asubuhi akae ukingoni mwa kitanda kwanza, achezeshe vifundo vya miguu, ndo ainuke. Siku presha iko 180 kwa 110 kwenda juu hakuna mazoezi, ni kituo cha afya. Mwenye sukari anayechoma insulini au anayekunywa glibenklamaidi asitoke na njaa, awe na pipi mfukoni, na miguu ikaguliwe kila jioni katikati ya vidole maana kidonda anaweza asikisikie. Kifua kikibana, pumzi ikikata ghafla, mdomo ukipinda au mkono ukilegea, mnasimama hapohapo mnatafuta gari.

Ramadhani kwa anayefunga hamishieni mwendo baada ya futari, na anayeswali tarawehe zote ameshainama na kuinuka vya kutosha siku hiyo, msimwongezee. Mjane aliye eda, hiyo miezi minne na siku kumi, hatoki, na ni kipindi ambacho huzuni ya msiba na sonona vinachanganyikana ukashindwa kujua ipi ni ipi, basi kila kitu kifanyike ndani ya uwanja, kiti, mchicha, kutembea ukumbini, na wageni wanaokuja kumpa pole wasimkute kalala kila siku. Masika matope yanateleza, tembeeni korido na barazani.

Mtaanza kuona nini? Siyo tabasamu. Kwanza usingizi unasogea kidogo, halafu sahani inarudi na chakula kimepungua, halafu anaanza kulalamika kuhusu vitu, ugali mbichi, mtoto kavaa nini yule, na nyie mnafikiri amezidi kumbe anarudi. Uso unafuata mwisho. Hesabuni wiki nne mpaka nane za kwenda mfululizo, na wekeni kalenda ya ukutani, ile ya bure ya dukani inatosha, yeye mwenyewe atie alama kila siku aliyotoka, kwa sababu sonona inamwambia hajafanya kitu na kalenda inabisha. Wiki nane zikipita hakuna kilichosogea, au anazidi kuzama, rudini hospitali mkaongee dawa au ushauri nasaha, sonona ya uzeeni inatibika, msikubali kuambiwa ni umri. Akiugua malaria au kukitokea msiba mkakatika, anzieni nusu ya mlipokuwa, siyo mwanzo kabisa na siyo palepale.

Na kama unafanya kazi ya kutoka asubuhi kurudi usiku, tuseme ukweli, anayefanya haya yote ni dada wa kazi, na huyo hajasoma hii. Kaa naye. Mwonyeshe kiti, mwonyeshe visigino vinakaa wapi, afanye yeye kwanza ndo ataelewa. Mwambie hiyo nusu saa ya bibi ni kazi kama kufua, siyo ya kufanya akipata nafasi, basi mpunguzie kitu kingine na umwongeze chochote kwenye mshahara. Wakitoka simu ya dada ikae mfukoni siyo mkononi, atembee upande wa barabara bibi awe ndani, na asimwite "bibi haraka" wakivuka. Namba yako, ya jirani na ya bajaji mmoja mnayemwamini ziandikwe kwa kalamu nene zibandikwe jikoni na nakala iwe kwenye pochi ya bibi, kwa ile siku watakayokolea stori wakafika mbali na miguu ikagoma kurudi.